Mama Amefaulu Mno

Kamachumu, Jumapili 18 Mei 2025

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Nilistaafu Januari kabla sijalijaza, na mimi si mtu wa kutupa karatasi safi.

Leo baada ya misa, kwa ruhusa ya padri, muuguzi mmoja kutoka Bukoba aitwaye Zabibu alisimama mbele akatangaza kwamba kuna utafiti wa dawa ya ugonjwa wa kusahau. Si usahaulifu wa kawaida wa uzee, akasema, ni ule wa mtu kupotea kwenye njia ya kwake mwenyewe. Niliona vichwa vikigeuka kututazama. Kila mtu hapa anajua kwamba mwezi Machi Mama alitoka kwenye sala ya jumuiya, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akakutwa jioni ameketi kwenye ghala la zamani la ushirika, akisubiri kupimiwa kahawa. Mwenyewe alikuwa pembeni yangu anajipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Nilimfuata muuguzi nje. Anayetakiwa ni mtu wa kati ya miaka sitini na themanini na mitano. Mama ana sabini na minane. Ugonjwa uwe bado mwanzoni. Asiwe amewahi kupata kiharusi. Dawa zake nyingine, kama za presha, zisiwe zimebadilishwa ndani ya miezi mitatu. Awe na mtu mmoja wa karibu anayemjua siku hadi siku, atakayeeleza hali yake bila kuficha. Akubali yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. "Na kuna mtihani mdogo wa kumbukumbu," akaongeza, akaanza kueleza alama.

Hapo kwenye mtihani ndipo nilipoacha kusikiliza. Miaka thelathini na sita nimepeleka watoto kwenye mtihani wa darasa la saba. Mtihani ninaujua.

Jumanne 20 Mei

Nimehama Bilele, mjini Bukoba, nimefunga nyumba, nimekuja kukaa kwa Mama. Nimekuja na kalenda na saa ya ukutani, nimevitundika sebuleni mkabala na kiti cha Mama. Kemilembe alinipokea mizigo, akapiga magoti kunisalimu kama desturi. Huyu ni mjane wa kaka yangu Isaac. Isaac alitutoka miaka mitatu iliyopita, wala mke wake hakurudi kwao. Watu husema amekaa kwa ajili ya kibanja, maana migomba na kahawa ya hapa si ya kuachwa hivi hivi. Nami ni mmoja wa hao watu.

Alhamisi 22 Mei

Mvua kutwa. Hakuna kuchuma.

Jumamosi 24 Mei

Mafunzo yameanza. Ndugu yake Ta Mutalemwa, jirani yetu, alishafanyiwa mtihani ule, na Ta Mutalemwa aliyekuwa amekaa naye aliyashika maneno matano wanayotakiwa kuyakumbuka. Akanipa yote, tena kwa kunong'ona, kama mtu anayetoa siri ya serikali: kiti, mbuzi, daraja, sukari, kengele.

Tunasoma tukichuma kahawa. Mimi nasema, "Mwaka?" Mama anajibu, "Elfu mbili ishirini na tano." "Wilaya?" "Muleba." "Mkoa?" "Kagera." Baada ya saa moja alishashika mwendo, akawa anajibu kwa sauti ya litania, na mimi nikijikuta nataka kusema "utuombee." Maneno matano nimempa kwa wimbo. Zamani hata watoto wazito niliwapitisha kwa nyimbo.

Jumatano 28 Mei

Mama kauliza kama Isaac amefika. Nikamwambia ukweli, nikimwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya: "Isaac alifariki, Mawe. Ni mwaka wa tatu." Akalia kama ndiyo kwanza anaipata habari. Kemilembe aliinua beseni lake akatoka nje.

Nilisikitika, lakini ukweli ni ukweli. Mtu hawezi kufaulu mtihani huku anadhani wafu wako sokoni.

Jumatatu 2 Juni

Nimekuta kikapu kina kahawa mbichi karibu nusu, punje za kijani kabisa, za kutupa. Kilikuwa mlangoni pa jikoni, mkononi mwa Kemilembe. Nilimsema. Nilimsema mbele ya wanawake wawili waliokuja kutusaidia kuchuma, kwamba mtu anayekitaka kibanja cha watu angalau ajifunze kutofautisha nyekundu na kijani. Akapiga magoti. "Samahani, wifi," akasema, wala hakuongeza neno.

Isaac kaulizwa mara mbili.

Ijumaa 6 Juni

Maneno matano: yote. Kutoa saba saba kutoka mia: hadi sitini na tano bila kosa. Nina furaha kama vile shule yangu imekuwa bora wilayani.

Jumanne 10 Juni

Nimerudi, nimechoka, ila nitaandika yote.

Mwijage, dereva wa hapa kijijini, alitupeleka kwa gari lake dogo, mimi na Mama tu. Kemilembe aliuliza kama aje. Nikamwambia abaki aangalie kahawa iliyoanikwa. Tulifika kliniki ya utafiti saa tatu. Daktari ni kijana wa Kihaya, anaitwa Mwesiga, mwenye adabu; alimsalimu Mama kwa Kihaya, akabaki amesimama hadi Mama alipoketi.

Mama alikuwa moto. Siku, tarehe, mwezi, mwaka, wilaya. Maneno matano aliyatoa kabla hajaombwa kuyatoa, tena kwa wimbo, hadi Zabibu akainua uso kutoka kwenye karatasi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo na midomo yangu inacheza pamoja naye. Ishirini na nane kati ya thelathini!

Nilisimama kupokea hongera. Daktari Mwesiga akaniketisha. "Habari ni nzuri na hapo hapo si nzuri," akasema. "Mzazi wetu amefaulu mno. Tunawachukua walio kati ya kumi na sita na ishirini na nne. Aliye juu ya hapo hatuwezi kumpa dawa ya ugonjwa ambao mtihani unasema hana."

Alama! Ndizo Zabibu alizotaka kunieleza siku ile nje ya kanisa, nami nikajifanya ninajua.

Kisha akaniuliza mambo machache, kwa utaratibu tu, alisema. Mama anakunywa dawa ya presha saa ngapi? Nikasema asubuhi. Dozi haijabadilishwa? Sijui. Akipika, kuna kinachomshinda siku hizi ambacho mwaka jana hakikumshinda? Sijui, mimi nilikuwa nakuja Jumapili, nakuta chakula mezani. Ni nani anayemwogesha, au anaoga mwenyewe? Nikasema anaoga mwenyewe. Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka kusema sijui mara ya tatu.

Tulipofika bandari ya Kemondo tukasimama kununua samaki. Mama akaitazama meli iliyotia nanga, akanieleza jinsi mwaka wa sitini na nane baba alivyoshusha hapo bati za nyumba yetu, idadi yake na jina la mpagazi aliyelalamika. Kila kitu. Halafu akanigeukia: "Tunatoka wapi, mwanangu?"

Jumatano 11 Juni

Ta Mutalemwa kapita kuuliza matokeo. Nikamwambia Mama amefaulu. Akashangilia.

Ijumaa 13 Juni

Leo nimejua jambo, nami naliandika nikiwa na aibu.

Saa nane, wakati Mama amelala kidogo, nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta jembe. Nikamkuta Kemilembe ameketi chini, kikapu cha Mama kati ya magoti, anachambua. Nyekundu kulia, kijani kushoto. Kando yake kulikuwa na beseni la kahawa nyekundu aliyochuma yeye, na kila alipoondoa konzi ya kijani kwenye kikapu cha Mama alijazia konzi ya nyekundu kutoka kwenye beseni lake. Kikapu kikabaki kimejaa vilevile.

Nikamwuliza, "Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita, wifi. Macho anayo, ila mkono unachuma tu. Akikuta kikapu kimepungua atajua, na akijua hataenda tena shambani. Mama huyu akikosa shamba atakuwa na nini?"

"Na mimi nilipokusema mbele ya watu?"

"Mama alikuwa dirishani. Ningesema nini?"

Nilikaa chini kwenye majani ya migomba nikamwuliza maswali yote ya daktari. Alijibu moja baada ya jingine huku mikono inachambua. Dawa ya presha ni jioni, kwa sababu asubuhi Mama huitema. Dozi ni ile ile tangu Krismasi. Ndizi anamenya vizuri, lakini huweka chumvi mara tatu, kwa hiyo Kemilembe huificha na kuiweka mwenyewe. Kuoga, tangu Februari humshika mkono. Na Mama hupotea zaidi mvua inapokuwa karibu. Kwa nini, hajui, ila ameona hivyo.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakunisema mimi peke yangu, lakini mimi nimeyaficha kwa kuyaimbia wimbo.

Jumapili 15 Juni

Kwetu mke hupiga magoti kumsalimu wifi yake. Kinyume chake sijawahi kukiona. Leo baada ya misa, pale pale jikoni, wanawake wale wawili wakiwapo, nilipiga magoti mbele ya Kemilembe nikamwomba radhi kwa maneno ya tarehe mbili. Nilihakikisha ni wao wale wale. Magoti yangu ya miaka sitini yalilia yote mawili.

Alishtuka akanivuta mkono. "Inuka, waitu, wifi yangu, unanitia mkosi!" Halafu akacheka, halafu akalia. Tukala. Sijala chakula kitamu kama kile mwaka huu, na kilikuwa maharage.

Jumanne 17 Juni

Tumekwenda Bukoba mimi na Kemilembe, Mama tumemwacha kwa Ta Mutalemwa. Nilimweleza daktari kila kitu: wimbo, maneno matano, mbuzi na daraja. Nilitegemea atanifukuza. Aliinamisha kichwa muda mrefu, na nilipoona mabega yanatikisika ndipo nikajua anacheka.

"Mwalimu," akasema, "watu huja kwangu wamewaficha wagonjwa wao, au wamewalazimisha. Hakuna aliyewahi kuniletea wa kufaulu."

Lakini alipomaliza kucheka alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Dawa ikipewa watu wasio sahihi, hakuna atakayejua kama inasaidia, na wazazi wa wengine ndio watakaoumia. Kuna karatasi nyingine ya mtihani, yenye maneno mengine. Atampima tena baada ya wiki sita. Nisimfundishe lolote. "Hata tarehe?" nikauliza. Hata tarehe.

Kisha akamhoji Kemilembe. Dakika arobaini. Walipotoka daktari alisema huyu ndiye yule mtu wa karibu, mwenzi wa mshiriki, wanayemtafuta, kama yeye yuko tayari, maana ni kazi ya mwaka mmoja na nusu na haibadilishwi mtu katikati. Kemilembe akanitazama, kama anayeomba ruhusa. Nikamwambia asinitazame mimi.

Jumatano 18 Juni

Nimeteremsha kalenda. Saa nimeiacha, ni nzuri.

Jumanne 24 Juni

Jua kali. Kahawa inakauka vizuri. Isaac kaulizwa mara tatu.

Leo nilimsikiliza Kemilembe anavyojibu. Mama: "Isaac amefika?" Kemilembe: "Bado, Mawe. Ulitaka kumwambia nini?" Mama: "Ule mgomba wa upande wa mtaro umeinama, auwekee mti wa kuuzuia kabla haujaanguka na mkungu." Kemilembe akaitikia, akachukua panga, akakata mti wa kuegemezea, akaenda akauegemeza mgomba. Mama akatulia kutwa nzima. Mgomba kweli ulikuwa unaanguka.

Muda wote huu anaulizwa habari za mume wake kila siku, na kila siku huenda kufanya kazi ambayo mume angefanya. Na mimi nilidhani anasubiri kibanja. Isaac, ndugu yangu, ulioa vizuri, na sisi wengine tulikuwa wajinga. Mungu akulaze pema.

Jumapili 29 Juni

Mimi leo nimejibu: "Bado, Mawe. Ulitaka kumwambia nini?" Alitaka kumwambia anyoe ndevu.

Jumamosi 5 Julai

Mvua isiyo na adabu, katikati ya kiangazi. Kahawa yote ilikuwa uani kwenye turubai. Mama alikuwa hana utulivu tangu asubuhi, anaingia anatoka, ananiita kwa jina la shangazi. Kemilembe alimtazama, akaitazama anga, ambayo mimi niliiona nyeupe tupu, akasema, "Tuanue." Nilibisha. Tukaanua. Pindo la mwisho la turubai lilipoingia ndani mvua ikashuka. Kahawa ya majirani imelowa. Ta Mutalemwa kaja kuuliza tumejuaje, na Kemilembe akamwambia ni Mama aliyetuambia. Mama akakubali.

Alhamisi 17 Julai

Siku mbaya. Mama alinifukuza nyumbani kwake, akiniita mwizi wa kahawa. Nilikaa kwenye mawe ya mtaroni hadi aliposahau kwamba mimi ni mwizi, akaja kuniuliza kwa nini sili. Ninashukuru hata kwa hilo. Ugonjwa unaochukua jina langu huchukua na makosa yangu.

Ninaogopa, sasa, kinyume. Mwezi uliopita alikuwa juu mno kwa uongo wangu. Isije ikawa wiki sita zimemteremsha chini ya kumi na sita, nikawa nimekula nafasi yake kwa wimbo. Hilo sijamwambia Kemilembe. Nadhani analijua.

Jumatatu 28 Julai

Kesho. Mama kaniuliza leo ni siku gani. Miaka thelathini na sita ya ualimu ilitaka kujibu. Nikasema, "Hata mimi sina hakika, Mawe."

Jumanne 29 Julai

Tulikwenda watatu. Nilikaa kwenye benchi la nje, mbali na kioo, kwa hiari yangu, Kemilembe akaingia naye. Nilisali rozari nzima na sehemu ya pili.

Kumi na tisa.

Sijawahi kushangilia kumi na tisa kati ya thelathini. Nilimkumbatia Zabibu hadi kofia yake ikaanguka.

Kisha tukaitwa wote kwa ajili ya ridhaa. Daktari Mwesiga alieleza kwa Kihaya, polepole, akitua kila baada ya jambo moja. Alipomaliza hakumwuliza kama amekubali. Alimwomba amweleze yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alichosikia. Asipoweza, alisema, hawezi kumchukua, hata angekuwa na alama gani. Nilijibana ulimi kwa meno. Kemilembe alinikamata mkono.

Mama aliweka sawa kanga begani. "Utanipa kidonge. Labda kina dawa, labda hakina kitu, na wewe mwenyewe hujui. Utanitoa damu mara kwa mara. Utakuwa unamwuliza huyu habari zangu. Nikichoka naacha, na hutaninunia."

"Sitakununia, Mawe. Na unajua kwa nini tumekuomba wewe?"

"Kwa sababu nasahau." Alisema hivyo kama mtu anavyosema, kwa sababu mimi ni mrefu. "Hawa wawili wanadhani sijui. Huyu mke wa mwanangu huchambua kahawa yangu nyuma ya jiko. Namwacha. Angejua nimemwona angeona haya, na amechoka vya kutosha."

Kemilembe aliufunika uso kwa mikono yote miwili.

"Na mwanangu Isaac amekufa," Mama akasema. "Siku nyingine najua. Leo najua. Lete hiyo karatasi."

Jina lake aliliandika kwa mwandiko wa shule ya masista, herufi zimelala upande mmoja. Gaudiosa. Hakuniomba kalamu, hakuniuliza tarehe.

Jumatatu 11 Agosti

Zabibu kapiga simu. Damu safi, moyo mzuri, kila sharti limetimia. Amechukuliwa. Nimemwambia Kemilembe kwanza, kisha Mama, kisha Ta Mutalemwa, ambaye amechanganyikiwa maana aliamini alishafaulu Juni.

Alhamisi 14 Agosti

Kidonge cha kwanza. Tumeuza kahawa pia, daraja la kwanza.

Jumapili 24 Agosti

Kesho narudi Bilele kwa wiki moja kufungua madirisha, kisha nitakuja tena. Kemilembe kasema niende bila hofu. Ninaenda bila hofu.

Naandika jinsi asubuhi zilivyo, nisije nikasahau mimi. Mama hakumbuki Bukoba, wala daktari, wala karatasi aliyoiandika. Kila siku Kemilembe anapomletea kidonge na kikombe cha maji, yeye huuliza, "Hiki cha nini?" Ningekuwa mimi ningesema, "Meza, Mawe, ni dawa." Kemilembe hukaa chini. Humweleza yote, kwamba anasahau, kwamba kuna watu Bukoba wanatafuta dawa, kwamba hiki labda ndicho na labda sicho, kwamba anaweza kukataa. Siku ya saba alikataa. Kemilembe akakirudisha kwenye kichupa, akaandika kwenye fomu *amekataa*, wakaenda kupalilia.

Leo nilisimama mlangoni nikawasikiliza. Ilichukua muda, chai ikapoa. Mama aligeuza kidonge kiganjani mara mbili tatu.

"Na wengine watapona?" akauliza.

"Hatujui, Mawe. Labda baadaye."

"Mimi nilisemaje nilipoulizwa?"

"Ulikubali. Lakini leo ni leo. Nakuuliza upya."

Akafikiri. Siku ya kumi na moja, na alikuwa anafikiri kwa mara ya kwanza.

"Nimekubali," akasema, akameza.